Kivuko Kilichofika Bila Kufika: Risala ya Wafanyakazi wa Gati kwa Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, Meneja wa Bandari, wataalamu wa Chumba cha Skrini, wageni waalikwa, na ninyi wenzetu mliosimama juani kwa sababu viti vimekwisha:

Karibu sana. Tunakukaribisha kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa saa nne kamili, pale skrini ilipotangaza kwamba boti yako imefunga gatini. Meneja alitoka mbio huku akifunga kifungo cha koti, bendi ikapiga, kwaya ikaimba beti zote tatu, na akina mama wa usafi wakanyoosha shada la maua, likabaki limenyooshwa hivyo hivyo. Mbele yetu palikuwa na maji matupu na bata mmoja. Tunasikia wakati huo ulikuwa umesimama kwenye kile kisiwa cha mawe unapigwa picha. Hatukulaumu, ni mahali pazuri. Umeingia saa tano na robo, midomo ya bendi imeshakauka, ndiyo maana tarumbeta iliyokupokea ilikuwa inakohoa. Lakini kitabu cha Chumba cha Skrini kinasema umefika saa nne, na kitabu kile hakijawahi kukosea tangu kinunuliwe. Kwa hiyo kwa muda wa saa moja na robo, mgeni rasmi, ulikuwa umefika na hujafika. Tunaomba uliweke hilo kichwani. Tutalirudia mwishoni.

Maneno hayo, na mengine ya leo utakayoyasikia mbele, tumeyaongeza kwa kalamu hapa hapa. Yaliyobaki yaliandikwa wiki iliyopita na mwenzetu tunayemwita Mzee Darubini, ambaye shule aliiachia darasa la tano. Alipewa kazi hii kwa sababu, kama kamati ilivyosema, siku hizi ana nafasi. Meneja alitupa na mfano wa risala ya kuiga, yenye neno "shukrani" mara kumi na nne. Tumejitahidi, lakini hatukufika kumi na nne.

TULIKOTOKA

Zamani, kabla hatujaendelea, bandari hii ilikuwa na vitu vitatu vya kizamani: mnara wa ngazi sitini na mbili, boti ya uokoaji iliyofungwa kwa kamba moja tu, na mtu mmoja aliyekaa juu ya mnara na darubini. Mtu huyo ndiye huyu Mzee Darubini. Alikaa huko miaka ishirini na sita.

Kazi yake ilikuwa ya kijinga kabisa. Alikuwa anaangalia ziwa. Kivuko kikitoka ng'ambo, alikiandika kwenye daftari. Baada ya muda anakitazama tena, anaandika. Alivijua vyombo kwa mwendo, kama unavyomjua mkwe wako kwa hatua zake hata hajabisha hodi. Kimoja kinatembea kimeinama kushoto, kingine kinatoa moshi kikipanda wimbi. Akiona chombo kimesimama mahali ambapo hakina sababu ya kusimama, anapiga kengele, boti ya uokoaji inaondoka.

Katika miaka hiyo yote alipiga kengele mara kumi na saba. Mara tatu kati ya hizo ilikuwa gogo. Meneja wa enzi zile, mtu wa kizamani naye, alimwambia, "Afadhali utukimbize kwa ajili ya gogo kuliko utuache tumekaa kwa ajili ya mtu." Kauli za namna hii, mgeni rasmi, ndizo zilizoturudisha nyuma.

Ndipo tukaletewa satelaiti.

Tuliitwa ukumbini tukaelezwa. Mtaalamu alikuwa na kijiti chenye taa nyekundu. Alisema kuna macho yanazunguka dunia huko juu, na kila yakipita juu ya ziwa letu yanapiga picha, mawingu yawepo yasiwepo. Kila kilicho juu ya maji kinaonekana kama doa jeupe. Kompyuta inalichukua doa la picha hii na doa la picha ile, inayaunganisha, inasema: hiki ndicho kivuko, kimetoka hapa, kinakwenda kule, mwendo wake ni huu. Tulipiga makofi. Hatukupiga kwa unafiki, ni jambo la ajabu kweli.

Mzee Darubini akanyoosha mkono.

"Hilo jicho linapita kila baada ya muda gani?"

"Kwa wastani saa moja na dakika ishirini, mzee wangu."

"Na katikati hapo?"

"Katikati kompyuta inakisia. Inachukua mwendo wa mwisho, inaisogeza nukta mbele."

"Ikikisia vibaya?"

"Picha inayofuata itasahihisha."

"Haya. Na mtu kwenye maji anaweza kubana pumzi kwa saa moja na dakika ishirini?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mtaalamu alicheka, Meneja alicheka mpaka akatoa kitambaa. Na sisi tulicheka. Tumeamua kuliandika wenyewe, lisije likasemwa na watu wa pembeni.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi na tutayataja haraka kwa sababu ya jua.

Mnara umefungwa kufuli na juu yake pamewekwa sahani kubwa ya kupokea mawasiliano. Boti ya uokoaji imetolewa majini, ikapandishwa juu ya nguzo mbili pale mlangoni, na ndani yake pamepandwa maua. Ndiyo hiyo uliyoisifu ulipokuwa unapita. Rangi imepakwa jana, tafadhali usiiegemee. Darubini imewekwa kwenye kabati la kioo ofisini kwa Meneja, na kikaratasi kimeandikwa "Tulikotoka."

Mzee Darubini mwenyewe hakuachwa hivi hivi. Alipewa kazi mpya: kukaa kwenye kiti nje ya Chumba cha Skrini na kuwaambia watu wavue viatu, maana mashine hazipendi vumbi. Kazi nzuri, ya kivulini. Tangu akae pale hakuna kiatu kilichoingia.

Mfumo wenyewe umeonyesha ukali wake tangu mwezi wa kwanza. Uliona kitu kikubwa kinatembea ziwani bila kibali, kikapewa namba, kikafuatiliwa siku tatu usiku na mchana. Ofisi ikakiandikia barua ya onyo. Tarishi akapanda mtumbwi kuipeleka. Kufika, ni shamba la magugu maji, pana kama kiwanja cha mpira, linasukumwa na upepo, na ndege wamekaa juu yake. Tarishi ni mtu mwaminifu, akarudi na barua yake, akaandika juu ya bahasha: "Mhusika hakupatikana."

Zaidi ya yote, mfumo umepata usahihi wa asilimia tisini na tisa nukta nane. Hii ndiyo namba iliyotuletea Awamu ya Pili, ambayo umekuja kuizindua leo, yenye skrini kubwa mara nne. Tunaomba uikumbuke nayo namba hii. Imegharimu.

CHANGAMOTO

Siku hizi hatuna shida, tuna changamoto. Kwa hiyo tutakueleza changamoto iliyotokea mwaka jana.

Siku hiyo kivuko cha asubuhi kiliondoka ng'ambo saa tatu na watu thelathini na mmoja, kifike hapa saa tano. Mmoja wao alikuwa mke wa Mzee Darubini, shemeji yetu, akitoka kumuuguza dada yake. Saa tatu na nusu jicho la juu lilipita, likakiona vizuri. Saa nne magugu yakajisokota kwenye rafadha, yale mapanga ya chini yanayosukuma chombo, injini ikafa, na pale rafadha inapoingilia chomboni maji yakaanza kuingia. Polepole, mgeni rasmi. Hili tunalisema kwa sababu watu hupenda kusema ilikuwa ghafla. Kilichukua karibu saa mbili kuzama.

Kwenye skrini kivuko kilikuwa kinakuja. Nukta ya kijani inateleza kama kwenye mafuta, haina wimbi wala magugu. Ile ya kukisia na ile iliyoonwa kweli rangi yake ni moja. Hakuna aliyeona haja ya kuzitofautisha, maana kijani kinapendeza.

Saa tano kasoro dakika kumi jicho likapita tena. Na hapa, mgeni rasmi, tunaomba haki itendeke: satelaiti haikukosea. Iliona madoa mawili. Moja karibu na gati, linakuja taratibu. Jingine katikati ya ziwa, limesimama. Kompyuta ikajiuliza kivuko ni lipi kati ya haya. Kwa hesabu zake kivuko kilitakiwa kuwa karibu na gati, basi lile la karibu likapewa jina la kivuko. Na lile lililosimama katikati ya ziwa, lenye watu thelathini na mmoja juu yake, likaandikwa: "Kitu kisichotambulika. Yaelekea ni magugu."

Mzee Darubini alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha viatu. Saa tano ikapita. Akasimama, akaenda ukingoni mwa gati, akaona kinachokuja. Akarudi, akafungua mlango, akaingia na viatu vyake.

"Kivuko kiko wapi?"

"Mzee, viatu!" akasema mtaalamu wa zamu.

"Nakuuliza kivuko kiko wapi, mwanangu."

"Kinafunga sasa hivi. Kiko hapo hapo gatini."

"Hapo gatini kuna magugu."

"Skrini inasema kivuko."

"Dirisha hilo hapo. Hebu geuza shingo."

Hakugeuza. Tumemsamehe, dirisha lina pazia zito ili mwanga usiingie kwenye skrini, na waliosema macho hayana pazia walikuwa hawajakiona chumba hiki. Alichofanya ni kuandika kwenye kitabu, mbele ya Mzee Darubini: Kivuko, kimefika, saa tano na robo, abiria thelathini na mmoja, salama.

Mzee akaomba ufunguo wa mnara. Ufunguo alikuwa nao Meneja, na Meneja alikuwa kwenye semina mji mwingine, akieleza wenzake jinsi mfumo unavyofanya kazi. Basi mzee akachukua jiwe. Kufuli lile lilikuwa imara, lilikula mapigo kadhaa. Akapanda ngazi sitini na mbili kwa miguu ya mtu wa miaka sitini na moja, akafika juu, akanyoosha mkono kwenye msumari ambapo darubini ilikaa miaka ishirini na sita. Msumari ulikuwepo.

Akatazama kwa macho yake tu. Akaona kitu cheusi kimesimama mahali ambapo hakuna sababu ya kusimama. Akapiga kengele.

Boti ya uokoaji ilikuwa imejaa maua. Ikaondoka boti ya kubebea mchanga, na ilibidi kwanza mchanga umwagwe. Ilifika saa saba kasoro dakika ishirini. Kivuko kilikuwa kimeshazama karibu saa nzima. Watu kumi na tisa walikuwa wameshikilia madumu na mbao. Kumi na wawili hawakuwepo.

Hapa kuna jambo ambalo Mzee Darubini hakutaka liandikwe. Kamati ilimwambia liandikwe au risala aandike mwingine. Akaliandika.

Shemeji yetu hakujua kwamba mumewe ameshushwa mnarani. Mzee aliona aibu. Kwa miezi minne alikuwa anaondoka nyumbani asubuhi na mkoba mtupu wa darubini begani. Jioni mkewe akimuuliza, "Haya baba, leo umeona nini huko juu?" yeye anamtungia: leo nimeona mashua tatu zimefuatana kama bata, leo mvua ilikuja inatembea juu ya maji kama mtu mwenye haraka. Aliyaokota kwenye maneno ya watu waliokuwa wanavua viatu.

Fundi wa kivuko, tunayemwita Grisi, alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa. Alitusimulia kwamba injini ilipokufa watu walitaka kuruka majini wawahi kisiwa cha mawe, ambacho wakati huo hakikuwa mbali, na wanaojua kuogelea wangefika. Shemeji yetu aliwazuia. Alivua kitambaa cha kichwa, akawa anakipunga kuelekea huku, anawaambia, "Tulieni jamani, kaeni chini. Mume wangu yuko mnarani. Ameshatuona huyo, namjua mimi. Sasa hivi anapiga kengele."

Alipunga, Grisi anasema, mpaka maji yakafika kiunoni. Mara ya mwisho alikuwa anacheka kidogo, akasema, "Huyu leo kasinzia. Nitamkomesha."

Ziwa halijamrudisha mpaka leo.

Mzee Darubini alipata barua mbili. Ya kwanza ni ya onyo kwa kuvunja kufuli, mali ya ofisi, na kuingia na viatu. Hiyo ameipokea, viatu ni kweli aliingia navyo. Ya pili ndiyo changamoto. Alikwenda kuomba cheti cha kifo cha mkewe. Karani akafungua kumbukumbu zilizotoka kwetu.

"Mzee, hapa inaonyesha kivuko kilifika. Abiria wote walishuka."

"Walishukia wapi?"

"Gatini."

"Mimi nilikuwa gatini."

"Basi labda mlipishana."

Walipishana! Na wale kumi na tisa je? Hao wapo kwenye ukurasa mwingine: waliokolewa kutoka kwenye kitu kisichotambulika. Kivuko chenyewe bado kimo kwenye orodha ya vyombo vinavyofanya kazi, ratiba yake ipo ukutani, tutakuonyesha ukitaka kusafiri nacho.

Wiki mbili baadaye ndipo ikaja barua ya pili, ya wito. Kwa kuwa mwanamke alifika salama na hajaonekana tena, mume afike kituo cha polisi aeleze aliko. Aliulizwa kama walikuwa wamegombana. Aliulizwa kama kuna mwanamke mwingine. Ameitwa mara nne. Jalada liko wazi. Hawezi hata kumwomboleza mkewe kwa uhuru, maana akivaa msiba wanamuuliza amejuaje kwamba amekufa.

Tulikwenda kwa Meneja, tukiwa tumevua viatu. Tukamwomba asahihishe mstari mmoja. Alitusikiliza kwa upole sana. Akasema, "Wazee wangu, nawaelewa, mimi pia ni binadamu. Lakini nikisahihisha huo mstari, asilimia inashuka. Ikishuka, Awamu ya Pili haiji. Mnataka kurudisha bandari nyuma kwa ajili ya mstari mmoja?"

Hatukumjibu. Leo Awamu ya Pili imekuja, kwa hiyo tumeona tumjibu mbele yako: ndiyo, tunataka.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunajua una shughuli nyingi, na utepe unakusubiri, na mkasi umenolewa. Maombi yetu hayazidi yanayoenea kwenye karatasi hii.

Tunaomba nukta ya kukisia ipewe rangi yake. Yoyote. Hata kijivu. Mtu anayekisia aonekane anakisia.

Tunaomba boti ya uokoaji irudishwe majini. Maua tutayahamisha sisi wenyewe kwa adabu, tumeshatafuta ndoo.

Tunaomba mnara ufunguliwe, darubini itoke kabatini, na juu akae mtu. Hatusemi satelaiti iondoke. Jicho la juu libaki, linaona mbali kuliko sisi. Lakini jicho haliiti mtu kwa jina, jina linatolewa huku chini, na anayelitoa anatakiwa awe na dirisha lisilo na pazia. Mzee Darubini hataki kurudi mnarani, amesema tuseme hivyo. Anasema hawezi tena kutazama lile eneo. Awekwe mwingine, na huyo mwingine aruhusiwe kukosea kwa ajili ya gogo.

Ombi la mwisho ndilo lililotufanya tuandike.

Ukiingia Chumba cha Skrini, utaona kitabu juu ya meza. Ukurasa wa leo unasema wewe umefika saa nne kamili, na sisi sote hapa, na bendi, na yule bata, tunajua hukufika. Tunaomba uchukue kalamu uukate mstari huo kwa mkono wako, uandike saa tano na robo. Hakuna atakayekuambia unashusha asilimia. Kisha, kalamu ikiwa bado mkononi, fungua kurasa za nyuma, mwaka jana. Tumeweka kijiti cha kiberiti hapo, huwezi kupotea. Kuna mstari unaosema thelathini na mmoja, salama. Ukate na huo. Andika kumi na tisa waliokolewa, kumi na wawili hawakufika.

Mstari wako ungeweza kusahihishwa hata bila sisi, mgeni rasmi, kwa kuwa wewe uko hapa, una mdomo, unaweza kusema, "Jamani, mimi saa nne sikuwa nimefika." Wale kumi na wawili hawana wa kuwasemea ila aliyewahi kuandikwa amefika kabla hajafika. Na hapa uwanjani mtu huyo ni wewe tu.

Tunakutakia safari njema ya kurudi. Mola akuvushe salama, ukafike kweli, nyumbani wakuone kwa macho yao, na mkeo akuulize umeona nini huku, na wewe umwambie ukweli.

Ni sisi, Umoja wa Wafanyakazi wa Gati na Vivuko.

Imesomwa kwa niaba yao na mlinda viatu wa Chumba cha Skrini, aliyekuwa mlinzi wa mnara, mume wa abiria ambaye hakufika.